Kunyanyua Vitz: spesa au springi ngumu?

Spesa (vipande vya kunyanyulia gari) za mm 30 hukaa kati ya mauntingi ya juu ya shokapu na bodi. Springi haiguswi, hivyo gari linabaki laini. Shida iko kwenye drivu shafti, inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi: tairi likiingia shimoni linaning'inia chini zaidi, pembe inakuwa kali na buti ya sivii (mpira unaofunika kiungo cha drivu shafti) huchanika mapema. Ukizidisha hapo, unajitafutia.

Springi ngumu zinamfaa anayebeba watu wanne na mizigo kila siku. Ila ukizifunga kwenye shokapu zilizochoka, gari litadunda kama mpira. Badilisha vyote, springi na shokapu, kwa jozi. Ghali, ndiyo.

Kwa matuta tu, spesa zinatosha. Vyovyote vile, bolti za bushi (mipira ya maungio) za mkono wa chini unaoshikilia tairi zilegezwe, zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi, la sivyo bushi hupasuka. Alaimenti (kunyoosha matairi) siku hiyohiyo.