TAHADHARI: Unaonyeshwa ekseli moja, unaletewa nyingine

Wenye Hilux za tosheni ba (springi ya mbele ya fimbo ya chuma inayojipinda, kila tairi na mkono wake) mnaotaka kuweka ekseli nzima mbele, yaani moja inayounganisha tairi zote mbili, someni hii kabla hamjatuma hela.

Gari langu ni Hilux ya injini ya 5L. Kwa barabara za huku shamba nilichoka kubadili boljointi na buti za sivi (mipira inayofunika jointi za kuzungusha tairi za mbele) kila masika yakiisha, nikaamua kukata mikono ya mbele yote na kufunga ekseli ya Hilux ya zamani, LN106, ile inayofungwa kwenye springi za vyuma bapa kama za nyuma.

Muuzaji nilimpata mtandaoni, stoo yake iko Dar. Alitupokea vizuri, akakubali hata fundi wangu afungue difu, yale meno ya katikati ya ekseli yanayopeleka nguvu kwenye tairi, palepale. Tukahesabu: krauni (gia kubwa) meno 41, pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 9, sawa kabisa na difu yangu ya nyuma. Fundi akaandika 41/9 kwa chaki kwenye kasha. Nikalipa milioni mbili na laki tisa, tukaambiwa vijana wataipakia kwenye Fuso jioni. Hapo ndipo nilipopigwa.

Mzigo umefika umepakwa rangi nyeusi, bado inanata vidoleni. Mimi nikaona ni ukarimu! Tukachomelea hanga za kushikia springi, tukafunga yuboti, stelingi ikakaa. Siku ya kujaribu nikaingiza 4x4 kwenye lami. Najua haichezewi kwenye lami, lakini nilikuwa nimenyooka, sikukata kona. Hazikufika mita mia, gari likawa zito kama limefungiwa gogo nyuma, na gia ya 4x4 ikagoma kutoka.

Kufungua difu: 39 kwa 8. Yaani ili tairi zizunguke mara moja, shafti ya mbele lazima izunguke mara 4.875, ya nyuma 4.556. Hilux hii haina difu ya katikati ya kusuluhisha tofauti ya mbele na nyuma, kwa hiyo ekseli zinavutana. Kwenye tope tairi zinateleza, husikii kitu. Kwenye ardhi kavu kitu kinaweza kuvunjika. Na kwenye nakoli, kiungo ambacho tairi la mbele linageukia, grisi na oili ya difu vimeshakuwa uji mweusi. Sili za ndani za kuvitenganisha zilikufa zamani.

Nikampigia muuzaji, akasema: "Kaka, difu ni difu, gari litazoea." Tangu siku hiyo simu haipokelewi.

Wiki iliyopita ametoa tangazo jipya. Ekseli ileile tuliyoifungua, imeegemezwa kwenye ndoo ya bluu, na ukikuza picha unaona 41/9 kwa mwandiko wa fundi wangu. Ile haiuzwi, ni ya kuonyeshea wateja.

Chaki haisaidii kitu. Gonga alama kwa tindo kwenye kasha, mahali unapopajua wewe tu, na mzigo uondoke mkiwa pamoja. Akisema gari la mizigo linakuja jioni, hela nayo ije jioni.

Gari langu liko juu ya mawe. Mwenye difu ya mbele ya 41/9 anitafute, ila tutaifungua kwanza na nitaibeba mwenyewe.