Sawyer Squeeze: chujio zuri, ila si kwa kila maji

Kwa kambi ya milimani, penye kijito kisicho na makazi juu yake, chujio hili linatosha. Matundu yake ya mikroni 0.1 huzuia bakteria na vimelea kama Giardia na Cryptosporidium. Virusi hupita. Kwa hiyo ukiwa ugenini, penye maji yanayoweza kuingiliwa na majitaka, chuja kwanza, kisha tia kidonge cha klorini dayoksaidi kwa kipimo cha pakiti na usubiri dakika 30. Maji yakiwa baridi sana, ongeza muda.

Wanaolalamika kwamba limeziba, mara nyingi hawalisafishi. Jaza maji safi kwenye bomba la sindano, lichomeke upande wa kutokea maji, sukuma kwa nguvu, rudia mpaka yatoke bila tope. Maji machafu yaache yatuame kwanza. Na mfuko wa maji unaofungwa kwenye chujio usiukamue kama nguo, utapasuka mshononi.

Adui wake mkubwa ni barafu. Maji yakiganda ndani, nyuzi za ndani zinazochuja hupasuka na kwa macho huoni kitu. Usiku wa baridi lala nalo ndani ya begi la kulalia, likiganda, litupe. Chumvi na kemikali haliondoi, hata uchuje mara ngapi.