Penseli ya bluu au nyeusi? Staedtler mbili kwa wachoraji wa sura

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo mezani nina penseli mbili, zote za kampuni ya Staedtler ya Ujerumani: hii ya bluu (ni rangi ya mti wake wa nje, si ya mchoro) ni Mars Lumograph, na hii nyeusi ni Mars Lumograph Black. Swali ni ipi ununue kama unachora sura za watu kutoka kwenye picha. Nawapa jibu kabisa: zote mbili, ila za bluu chukua kadhaa, na ya nyeusi penseli moja tu inatosha.

Tazameni nywele za huyu binti. Kushoto nimekoleza kwa 6B ya bluu, kulia kwa 6B nyeusi (B ni penseli laini, namba ikipanda inazidi kukoleza). Ukiziangalia hivi, zinakaribiana. Sasa naiinamisha karatasi kuelekea taa. Mnaona? Kushoto pamegeuka kijivu, panang'aa kama bati jipya. Kulia pamebaki peusi. Ndiyo tabia ya grafaiti, yaani ile risasi ya penseli ya kawaida: ukiirundika na kuikandamiza, inarudisha mwanga. Hii nyeusi imetiwa kaboni nyingi, na kaboni ya aina hiyo haing'ai kama grafaiti.

Kwetu tunaochora watu weusi, hili ni jambo kubwa. Nywele, mboni, tundu za pua, kivuli cha chini ya kidevu, hapo ndipo sura inaposimama. Hapo pakiwa kijivu, unalazimika kuififisha ngozi ili itofautiane na nywele. Matokeo yake mtu anatoka amepauka, mama yake mzazi akiletewa mchoro hamtambui. Mimi naona huko ni kumkosea heshima mtu uliyemchora.

Lakini ngozi yenyewe, jamani, ni kazi ya bluu. Anza na HB, ile ya ugumu wa kati, mkono mwepesi, tabaka juu ya tabaka, ndipo uende 2B na 4B. Inafutika vizuri. Hapa kwenye ncha ya pua nimepaka 2B kote, kisha nikagusa kwa ufutio wa kukanda, ule laini unaofinyangwa kwa vidole, nuru ikatokea. Nyeusi haikupi nafasi hiyo, ikishakolea inaacha doa. Tena ipakeni kwenye karatasi tupu, kwa sababu juu ya grafaiti iliyokwisha kulainika inateleza tu, haishiki.

Bluu zipo za ugumu zaidi ya 20. Tofauti inatokana na mchanganyiko wa grafaiti na udongo, mbinu ya Mfaransa Conté tangu 1795: udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu. Kwa sura huhitaji boksi zima. Muulize muuzaji kama anauza mojamoja, chukua 2H (H ni ngumu na hafifu), HB, 2B, 4B na 6B, uongeze nyeusi moja ya 8B.

Na picha je? Penseli nzuri haiokoi picha mbovu. Mwambie mteja akutumie WhatsApp kama dokumenti, isibanwe ikapoteza kope na vinyweleo. Zile zilizolainishwa kwa filta zikataeni, maana kivuli cha shavu kimeshafutwa, na hicho ndicho mnachokuja kukichora. Flashi ya usoni nayo inafanya uso kuwa bapa. Picha ya mtu aliyekaa karibu na dirisha inatosha kabisa.

Karatasi niliyotumia leo ni ya gramu 200, uso laini. Ya fotokopi, gramu 80, baki nayo kwa mazoezi. Tabaka la tatu tu inaanza kuchoka.