Uzoefu wangu na "Nguo Mpya za Mfalme", kitabu cha picha cha watoto

Kitabu hiki nimekinunua hapa Arua, Uganda, kwa shilingi 20,000. Ni hadithi ya Hans Christian Andersen wa Denmark, iliyotoka mwaka 1837, na hapa imewekwa katika picha. Matapeli wawili wanajifanya mafundi wa kufuma, wanamwambia mfalme kwamba kitambaa chao hakionekani kwa mpumbavu wala kwa mtu asiyestahili cheo chake. Waziri anatumwa kukagua. Haoni kitu, lakini anasifia. Wengine nao wanasifia, hadi mfalme anapopita uchi mbele ya raia na mtoto mmoja anasema hana nguo.

Ukurasa nilioupenda kuliko yote ni ule wa mtambo wa kufumia. Maneno yanasifu rangi na maua ya kitambaa, ila mchoraji ameuacha mtambo mtupu kabisa. Mikono ya matapeli iko hewani, mmoja ameshika mkasi unaokata upepo, na nyuma yao kuna mfuko umefura kwa hariri waliyoiba. Binti yangu wa miaka saba aliweka kidole pale katikati akauliza, "Mama, mbona hakuna kitu?" Kaka yake akadakia, "Kipo, wewe ndiye huoni!" Wakabishana mpaka uji ukapoa, nami nikawaacha. Kitabu hakimwambii mtoto afikiri mwenyewe. Kinampa maneno yanayosema hivi na picha inayosema vile, kisha kinamwachia aamue.

Watoto wetu wanahitaji sana kitu cha namna hii. Darasani wamezoea kuitikia kwa pamoja: mwalimu anataja nusu ya neno, wao wanamalizia, na macho yote yako kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 unataka mwanafunzi ahoji na aeleze kwa akili yake, lakini aliyenyamazishwa tangu darasa la kwanza ataanzia wapi?

Shangazi yao aliingiwa na hofu kwamba kitawafundisha kujibizana na wakubwa. Nikamsomea sehemu yenyewe. Mtoto hamtukani mfalme wala hamcheki, anasema anachokiona. Na baba yake hamfinyi wala hamzibi mdomo, anawaambia watu waisikilize sauti ya asiye na hatia. Wazazi wenzangu, mtazameni sana huyo baba.

Kasoro zipo. Kurasa zimebanwa kwa pini, na ile ya katikati imeshachomoka. Herufi ni ndogo kwa anayejifunza kusoma. Kiswahili chake nacho ni kizito mahali pengine, na kwa mtoto wa Uganda anayekutana na lugha hii shuleni tu, lazima awepo wa kumfafanulia. Tangu Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe cha lazima msingi na sekondari, kwa hiyo wachapishaji watukumbuke na sisi wa huku.

Jambo la mwisho: hata baada ya umati wote kupiga kelele kwamba hana nguo, mfalme anaendelea kutembea kifua mbele, na watumishi wameshika pindo lisilokuwepo. Msimalizie hapo haraka. Waulizeni watoto kwa nini hakurudi nyumbani. Kwetu swali hilo lilichukua muda kuliko hadithi yenyewe. Ninakipendekeza kwa watoto wa miaka sita hadi kumi, wakisomewa na mtu mzima asiye na haraka ya kuwapa jibu.