ThinkPad P1 Gen 3 kwa kazi ya video: wacha niongee juu ya poti

Miezi minane sasa naediti na hii ThinkPad P1 Gen 3, modeli ya 2020, nilichukua ile imetumika ya kutoka Uingereza hapa Nairobi kwa shilingi 95,000. Kila mtu akiiona anauliza prosesa gani, grafiksi gani. Sawa, ziko poa. Lakini mimi nataka niongee juu ya poti, yale matundu ya kuchomekea waya na kadi, juu poti ndio zilinitesa kwa laptopu yangu ya kwanza mpaka nikaiuza kwa hasara.

Ile ya kwanza, na sitaitaja jina, ilikuwa nyembamba, inapendeza, ina USB-C mbili basi. Muuzaji akaniambia "bosi, hizo ni Thunderbolt", yaani zile za kasi kabisa, nami nikaamini kwa sababu zinafanana. Kumbe umbo la USB-C halikuambii chochote! Nyuma ya hilo tundu dogo inaweza kuwa USB 2.0 ya megabiti 480 kwa sekunde, ama gigabiti 5, ama 10, ama Thunderbolt 3 yenyewe ya gigabiti 40, na kwa macho zote ni mapacha. Sasa nikatoka ruracio (sherehe ya mahari) huko Murang'a usiku, niko na kadi mbili za GB 128, poti moja imekaliwa na chaja, ya pili nimechomeka kahabu (kale ka kuongeza poti) ka bei rahisi ndio nipate pa kuweka kadi, na kadi moja ikachukua karibu saa nzima, habu imekuwa moto kama pasi, ikifika katikati ya kadi ya pili ikakata. Asubuhi mama ya bibi harusi ananipigia, "mwanangu, ile video fupi imefika wapi?" Niliona aibu sana siku hiyo. Na hakukuwa na njia ya kuiokoa hiyo mashine, ramu GB 8 imeunganishwa kwa bodi, fundi akaniambia hapo hakuna la kufanya.

Hii P1 sasa. Kushoto kuna Thunderbolt 3 mbili na HDMI ya ukubwa wa kawaida, kulia kuna USB mbili za kawaida na mahali pa kadi ya SD. Natoka kazi, natoa kadi kwa kamera, naingiza moja kwa moja, hakuna kuhangaika na adapta. SSD ya nje (diski ya kuweka faili) kwa Thunderbolt, monita kwa HDMI, mausi kwa USB, na bado nimebakiwa na poti mbili. Hiyo HDMI ni 2.0, kwa hivyo 4K inaenda fremu 60 kwa sekunde. Zile za 1.4 zinaishia 30 kwa 4K na utajua tu, mausi inaburuta kwa skrini.

Kitu kimoja watu hawasemi: ukichomeka SSD ya nje ya kawaida ya USB kwa Thunderbolt 3 hupati gigabiti 40, unapata 10, na kusema ukweli kwa kazi ya harusi 10 inatosha kabisa. Tatizo kubwa ni waya. Wengi wanatumia waya ya chaja ya simu kwa sababu inaingia, na waya nyingi za hivyo ndani ni USB 2.0, halafu analaumu laptopu. Tumia waya iliyokuja na SSD yako na usiiazime mtu.

Kufungua ni skrubu za chini tu. Ndani kuna sloti mbili za ramu, mwisho wake GB 64, na sloti mbili za M.2, hapo ndipo SSD za ndani zinaingia. Nilinunua ikiwa na 16, mwezi wa tatu nikapeleka 32, juzi nikaongeza SSD ya pili ya TB 1, programu zinakaa moja na miradi kwa nyingine, taimlaini ya 4K imeacha kukwama. Hapo kwa M.2 angalia usiuziwe SSD ya SATA, ile aina ya polepole, badala ya NVMe, kwa macho zinakaribia kufanana lakini SATA inaishia kama MB 550 kwa sekunde na NVMe ya PCIe 3 inafika kama 3,500.

Kibodi na skrini nzuri, sina mengi hapo.

Ukienda kununua yoyote, hata si hii, beba SSD yako, waya yake na kadi moja. Simama hapo dukani ukopi faili ya GB 20 kwa kila poti, moja baada ya nyingine. Poti ya gigabiti 10 na SSD nzuri haimalizi dakika, USB 2.0 itakuweka dakika kumi. Muuzaji akikataa kukupa huo muda, vuka barabara, maduka ni mengi Luthuli na Moi Avenue.