Shuka la kutelezesha mgonjwa: miezi sita wodini, Tanga

Wodi yetu ya wanaume hapa Tanga ilipewa mashuka mawili ya kutelezesha wagonjwa, nami nimeyatumia kwa miezi sita, hasa katika zamu za usiku. Shuka lenyewe ni kama mfuko wa nailoni ulio wazi pande mbili, wenye utelezi kwa ndani, hivyo mgonjwa aliyelazwa juu yake huvutwa badala ya kunyanyuliwa.

Awali tulitumia khanga iliyoletwa na mke wa mgonjwa: mmoja kichwani, mwingine miguuni, na viuno vyetu ndivyo vilivyolipa. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri muuguzi asinyanyue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za mwili wa mgonjwa, na mguu mmoja wa mtu wa kilo 100 unakaribia uzito huo. Mzee mmoja aliyevunjika nyonga, ambaye siku ya kwanza alipiga mayowe tulipomhamisha kwa khanga, safari ya pili alifika kwenye machela akaniuliza, "Mwanangu, bado hamjaanza?"

Nafuu niliyoiona mapema zaidi haikuwa ya mgongo. Ilipungua ile hofu ya saa nane usiku, unapojua kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne ageuzwe kila baada ya saa mbili na mwenzako yuko kwenye dripu upande wa pili. Hofu hiyo ndiyo iliyonifanya niwafokee ndugu walioleta uji asubuhi, kisha nirudi nyumbani na aibu yangu.

Kasoro zipo. Kwa joto letu nailoni humtoa mgonjwa jasho, na ni lazima iondolewe mara moja, la sivyo atateleza hadi sakafuni. Shuka moja limekwisha utelezi kwa sababu dobi alililoweka kwenye klorini kama mashuka mengine. Kosa hilo ni letu.

Tena linahitaji watu wawili, na usiku tupo wawili kwa wodi nzima. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019, inauhesabu uchovu wa kupindukia wa kazi kuwa hali itokanayo na kazi yenyewe, wala haiuiti ugonjwa. Kwa hiyo niliiandikia ofisi kuomba mashuka mengine mawili na muuguzi wa tatu wa usiku. Mashuka yamekubaliwa.