Uzoefu wangu wa kupanga namba za simu za moja kwa moja kwenye FreePBX

Kwa miezi 8 sasa ninasimamia simu za ofisi yenye wafanyakazi 20 kwa kutumia FreePBX, programu inayomwezesha mtu kuiendesha Asterisk, yaani programu ya kuunganisha simu za ofisi, kupitia kivinjari badala ya kuhariri mafaili kwa mkono. Nilihitaji jambo moja tu: kila mfanyakazi awe na namba yake ambayo mteja ataipiga kutoka nje, na simu iite mezani kwake bila kupitia mapokezi. Tulichukua namba 20 zinazofuatana, zote zikiingia kwa laini moja ya SIP, yaani ya simu zinazopita kwenye intaneti, inayobeba mazungumzo 8 kwa wakati mmoja. Wenzangu walidhani kuwa namba 20 ni laini 20, na ilinichukua muda kuwaeleza kwamba namba ni anwani tu. Mteja wa 9 atasikia mlio wa laini inatumika, hata kama meza anayoitafuta iko wazi.

Upangaji wenyewe ni mwepesi. Katika ukurasa wa njia za simu zinazoingia unaandika namba iliyopigwa, unachagua inakoelekea, iwe simu ya mezani, kundi la simu au ujumbe wa sauti, kisha unabonyeza kitufe chekundu cha kutekeleza mabadiliko. Niliingiza namba 17 moja baada ya nyingine ndipo nikagundua kuwa ipo sehemu ya kuziingiza zote kwa pamoja kutoka kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, jambo ambalo lilinifanya nijicheke.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuandika namba zikianza na sifuri, kama zilivyochapishwa kwenye kadi zetu, ilhali mtoa huduma wetu huzituma kwa muundo wa kimataifa wa E.164, yaani alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba yenyewe. Kwa mfumo hizo ni namba mbili tofauti, kwa kuwa hulinganisha herufi kwa herufi na haujui kwamba zinamfikia mtu yuleyule. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimetangulia kuweka njia ya jumla, isiyotaja namba yoyote, inayopeleka mapokezi kila simu iliyokosa njia yake. Kwa hiyo hakuna simu iliyokatika: zote ziliita mapokezi, mpokeaji akaendelea kuwaunganisha wateja kama alivyozoea, nami kwa siku 4 nikajisifu kuwa kazi imekamilika. Njia hiyo ina manufaa yake, lakini wakati wa majaribio ningeielekeza kwenye tangazo lililorekodiwa, ili kosa lijitangaze lenyewe tangu simu ya kwanza.

Nililigundua tatizo nilipofungua konsoli ya Asterisk, yaani dirisha la kuandikia amri, nikaandika pjsip set logger on ili nione ujumbe wa SIP unaoingia na kutoka, kisha nikajipigia kwa simu ya mkononi. Mstari wa kwanza wa INVITE, ujumbe unaoanzisha simu, ulionyesha tarakimu kamili zilizotumwa, na kurekebisha njia zote hakukuzidi nusu saa. Laini yetu ya akiba ilinisumbua kwa namna nyingine, kwa sababu mtoa huduma wake huiweka namba iliyopigwa kwenye kichwa cha To, mstari wa ujumbe huohuo unaotaja anayepigiwa, huku mstari wa kwanza ukibeba jina la akaunti yetu pekee; hapo ilinibidi kubadilisha muktadha wa laini hiyo, yaani seti ya kanuni ambayo simu zake huanza kuifuata, uwe from-pstn-toheader, unaoisoma namba kwenye kichwa hicho. Tangu hapo, kabla ya kugusa mpangilio wowote, huanza kwa kutazama tarakimu zinavyofika.

Kupanga simu zinazoingia hakupangi zinazotoka. Kila simu ya mezani ina sehemu yake ya kuandika namba itakayoonekana kwa anayepigiwa, na ukiiacha wazi mteja anaweza kuiona namba kuu na kuirudia, akaishia mapokezi tena.

Mwezi uliopita mfanyakazi mmoja alihamia kitengo kingine na kupewa simu nyingine ya mezani. Nilibadilisha mahali namba yake inapoelekea kwa muda usiofika dakika 1, na wateja wake wanaendelea kumpata kwa namba ileile iliyo kwenye kadi yake ya zamani.